Kuchagua Bilula ya Kumwagia Mafuta ya Injini ya Eropleni

Mafuta ya kulainisha ni kwa injini kama damu ilivyo kwa mwili. Injini ya eropleni ndogo ikiyakosa, vyuma vyake husuguana, hushika moto mkali, na baada ya dakika chache hukwama. Gari likikwama husukumwa kando ya njia. Angani hakuna kando ya njia. Kwa hiyo hata kitu kidogo kinachozuia mafuta yasimwagike chastahili kuchaguliwa kwa akili.

KAZI YAKE

Eropleni ya namna ya Cessna 172, yenye injini ya Lycoming O-320, huchukua mafuta yapatayo lita 7 na nusu katika bakuli lililo chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu. Watengenezaji wa injini hiyo hushauri mafuta yabadilishwe kila baada ya saa 50 za kuruka, ikiwa injini ina chujio linalosafisha mafuta yote. Ikiwa ina wavu tu, ni saa 25. Hata kama saa hizo hazikutimia, miezi 4 isipite.

Penye kizibo cha kawaida, fundi hukifungua kwa spana kila mara, na mafuta ya moto huweza kumrukia mikononi. Tena hesi za sampu, ambayo ni ya madini laini, huliwa kidogo kidogo. Bilula haitolewi mahali pake. Fundi huvika bomba la mpira mdomoni mwake, huisukuma juu na kuizungusha kidogo, na mafuta huteremka ndani ya debe bila kuchafua kitu. Akiiachilia, springi huirudisha chini nayo hujifunga.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Kwanza, hesi. Injini nyingi za Lycoming zina tundu lenye hesi za bomba, ambazo huwa nyembamba kuelekea ncha na kukaza kwa kubanana. Nyingi za Continental zina hesi zilizonyoka, nazo huhitaji washa ili zisivuje. Bilula ya namna moja haiwezi kulazimishwa katika tundu la namna nyingine. Hesi nyembamba zikikazwa kupita kiasi huweza kupasua sampu.

Pili, nafasi. Eropleni ambayo magurudumu yake hayakunjwi haina hatari kubwa hapa. Lakini ile inayokunja gurudumu la mbele na kuliingiza karibu na injini yataka hadhari kuu. Bilula ndefu ikiguswa na gurudumu au chuma chake, husukumwa juu na kufunguka, na mafuta yote humwagika wakati wa safari. Ndiyo sababu baadhi ya bilula hukatazwa kabisa katika eropleni za namna hiyo, na nyingine zimefanywa fupi kwa ajili yake. Hata penye magurudumu yasiyokunjwa, bilula isiguse kifuniko cha injini wala isikaribie mno bomba la moshi.

Tatu, umbo la ndani. Ikiwa ncha ya bilula huinuka juu ya sakafu ya sampu, mafuta machafu kidogo yatabaki chini kila mara. Pete ya mpira inayozuia mafuta nayo iwe ya namna inayostahimili joto, kwa maana mpira uliokauka huvuja.

Nne, hati. Bilula iwe imekubaliwa kisheria kwa injini ile na eropleni ile, wala si kwa sababu yaingia katika tundu. Ile inayouzwa rahisi bila hati si rahisi hata kidogo.

KUIFUNGA NA KUIKAGUA

Kazi hii hufanywa na fundi mwenye leseni, naye huiandika katika kitabu cha injini. Utepe wa plastiki wa mafundi wa maji usitumiwe, kwa kuwa vipande vyake huweza kuingia katika njia za mafuta na kuziziba. Itumike dawa iliyotajwa katika kitabu cha mtengenezaji. Bilula ikisha kukazwa, ifungwe kwa waya ili mtikisiko usiilegeze. Kisha mafuta hutiwa, injini huwashwa kwa muda, huzimwa, na fundi hutazama chini kwa tochi.

Rubani naye ana sehemu yake. Kabla ya kila safari hupima mafuta kwa kijiti chake na kutazama ardhi chini ya injini. Akiona tone jipya, haruki mpaka ajue latoka wapi. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Na sampu nayo huisha tone kwa tone.