Tafi Hajakukosea Kitu

Mdogo wangu wa Msambweni, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka, unisamehe. Mimba ya miezi mitano, mume mvuvi, na tangu uambiwe samaki wana zebaki umehamia kwenye sukuma na chai ya mkandaa! Harufu ya mchuzi wa tafi wa jirani inakutoa machozi. Usione haya, wenzio wengi wameingiwa na woga huohuo.

Aliyekuambia hakusema uongo, alisema nusu. Zebaki imo baharini kweli. Makaa ya mawe yakichomwa viwandani, au wachimbaji kama wale wa Migori wakiichoma kupata dhahabu, moshi wake hupaa na mwisho hushukia majini. Vijidudu huibadilisha, simu (wale wa baharini, si wa mkononi) huipata kidogo, una akawala simu, jodari akamla una, na papa anawala wote na kuishi miaka mingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ndiyo ile nyama ya papa. Imeshikana na mnofu, kwa hiyo ukimkaanga au ukimtia chumvi ukamwanika, haitoki. Kwako wewe huenda isionekane, lakini hupenya kondo la nyuma ikamfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki ghubani. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, na wako kina mama waliojiona wazima wakajifungua watoto walioumia vibaya.

Umeshtuka? Tulia. Gazi hapo kwenu si Minamata, hakuna kiwanda kama kile. Watazame majirani zetu wa Shelisheli, ambako wajawazito walikula samaki karibu mara 12 kwa wiki. Wataalamu wamewafuatilia watoto wao tangu miaka ya 1980, na hawakuona madhara ya wazi. Samaki ana mafuta yanayoujenga ubongo uleule unaouogopea. Ukimnyima mtoto samaki wote, unamwibia. Wanasema samaki mmoja akioza wameoza wote, lakini hapa methali haifai: papa ana kesi yake, tafi asifungwe naye.

Basi kula tafi, changu, una, dagaa, kamba, mara mbili tatu kwa wiki, kipande cha kiganja. Jodari na nguru, kipande kimoja kwa wiki kinatosha. Papa, nduaro na sulisuli waache mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha. Chaza wabichi pia usiwaguse, ingawa wao kosa lao ni vijidudu.

Najua pagumu ni kwa mama mkwe. Ameleta papa mkavu kutoka Shimoni, kampika kwa nazi, na sahani iko mbele yako. Usimkunjie uso, usimpe somo la sayansi. Mwambie, "Mama, kliniki wamenikataza papa kwa ajili ya mjukuu wako." Akisikia mjukuu, atakutafutia changu mwenyewe.

Sasa nikukaripie kidogo. Mwisho wa ujumbe umeandika, kama jambo dogo, kwamba mimba imekutia weusi usoni na umenunua Ukunda krimu ya kung'arisha, kikopo hakina hata maandishi ya kilichomo. Ewe mwanangu! Unamkimbia tafi wa mumeo, halafu asubuhi na jioni unajipaka usoni kitu usichokijua? Krimu nyingi za namna hiyo hukutwa na zebaki. Hupenya ngozini na kuumiza figo. Serikali ilishazipiga marufuku, lakini vibandani bado zimo. Weusi huo ni wa mimba, mara nyingi hupungua baada ya kujifungua, na mumeo hajalalamika, au amelalamika? Siku ya kliniki kifunge kikopo kwenye mfuko, umwonyeshe muuguzi na umwambie umekipaka kwa muda gani. Hatakugombeza kuliko mimi.

Leo jioni wahi kwa mama karanga wa samaki kabla hajamaliza tafi. Mwambie akuchagulie wa moto.