Zao la Atemisia: Kuvuna Vema, na Kujihadhari na Dawa ya Kuloweka Nyumbani

Mkulima wa Meru, tafuta mnunuzi kwanza, ndipo usie. Kisha fuata haya:

1. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Changanya na mchanga, sia kitaluni, wala usizifukie. Mwagilia taratibu zisichukuliwe na maji.

2. Miche ikifika sentimita 15 hivi, ihamishe shambani, mche na mwenzake mita 1. Palilia mapema.

3. Kata maua yanapotunga, kabla ya kuchanua. Wakati huo majani yana dawa nyingi.

4. Anika kivulini penye upepo. Pura, kisha chekecha vijiti vitoke.

Wako wanaoloweka majani haya katika spiriti, au kuyachemsha, wakanywa kutibu malaria. Usifanye hivyo. Kiasi cha dawa hubadilika shamba hata shamba, nawe huna kipimo. Dawa ikipungua, homa hutulia kidogo, lakini vijidudu hubaki damuni na huweza kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani lilionya hivyo mwaka 2019.

Mtoto akishikwa na homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo akapimwe. Kwa kikombe cha kuburudisha mwili, mchaichai watosha.