Bomba la Siti: Soma Kabla ya Kuvuta



Siku hizi katika minada na magulio tunaziona baiskeli za milimani. Ni zile zenye matairi mapana ya meno, gia nyingi na fremu fupi. Nyingi ni za mtumba. Zimetumika nchi za nje, kisha zikaletwa huku kwa meli. Zinapanda kilima vizuri, na katika njia ya mawe hazisumbui sana.

Lakini zina jambo moja lililo tofauti na baiskeli zetu kubwa za zamani. Kwa kuwa fremu yake ni fupi, bomba la siti hutokeza sana nje. Bomba la siti ni lile linaloshika siti juu, na chini likaingia ndani ya fremu.

Mnunuzi huangalia tairi, cheni na breki. Bomba hili halijali. Basi siku likivunjika mtu yuko mteremkoni, ataumia vibaya. Na kama halikuvunjika lenyewe, linaweza kupasua fremu. Fremu ikipasuka, baiskeli imekwisha na fedha zimepotea.

Leo tutajifunza mambo manne: alama, namba, kimo na matunzo.

1. ALAMA

Legeza nati inayokaza bomba, kisha uvute bomba lote nje. Lifute kwa kitambaa. Karibu na mwisho wa chini utaona mstari, au vistari vingi vilivyosimama. Pembeni pana maneno ya Kiingereza: MIN INSERT au MAX HEIGHT. Maana yake ni hii: bomba liingie ndani ya fremu mpaka hapa, au zaidi ya hapa. Yaani ukiwa juu ya baiskeli, alama hiyo isionekane kabisa.

Kwa nini? Hebu fikiri nguzo ya uzio. Ukiichimbia chini kidogo tu, ng'ombe akiiegemea italala. Ukiichimbia chini sana, itasimama. Bomba la siti ni vivyo hivyo. Uzito wako wote unalisukuma huku na huku kila tairi likiingia shimoni. Likiwa limeingia kidogo, nguvu yote inaangukia kwenye mdomo wa fremu. Hapo ndipo ufa unapoanzia.

Je, kama alama imefutika? Acha bomba liingie ndani sentimeta 10 au zaidi. Tena hakikisha mwisho wake umepita chini ya pale bomba la juu la fremu lilipoungwa.

Sasa uko mnadani. Baiskeli ni ndogo, ni ya mtoto, lakini bei ni nzuri. Muuzaji anakwambia, "Mzee, usiwe na wasiwasi, siti tunaivuta tu juu." Mwache avute. Kisha wewe tazama alama. Ikionekana, jibu umelipata: baiskeli hii si saizi yako. Unaweza kutafuta bomba refu zaidi, lakini kama hata usukani uko karibu mno na magoti, tafuta baiskeli nyingine.

2. NAMBA

Karibu na alama hiyo utaona namba, kwa mfano 27.2. Huo ni upana wa bomba kwa milimita. Zipo namba nyingine nyingi: 25.4, 26.8, 28.6, 30.9, 31.6. Kila fremu ina namba yake moja tu.

Mtu anaweza kusema, "27.0 na 27.2 zina tofauti gani? Si ni zilezile!" Si kweli. Tofauti yake ni karibu unene wa karatasi mbili za daftari. Ni ndogo, lakini inatosha kuleta shida. Bomba likizidi, haliingii. Wengine huligonga kwa nyundo, na fremu inaharibika. Bomba likipungua, linazama kidogo kidogo unapoendesha. Hapo wengine hukata bati la kopo na kulizungushia. Kisha hukaza nati kwa nguvu zote, mpaka inakatika.

Hapa ndipo kisomo kinapolipa. Asiyesoma namba atauziwa bomba lolote. Wewe andika namba ya bomba lako katika daftari, au nenda dukani na bomba la zamani mkononi. Soma namba mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

3. KIMO

Watu wengi hukaa chini mno. Wanataka wakiwa juu ya siti miguu yote miwili ikanyage chini. Kwa anayejifunza, hiyo ni sawa. Lakini kwa anayejua kuendesha, siti ya chini inamchosha na kumuumiza magoti. Ukisimama, teremka mbele ya siti, mguu ukanyage chini. Ndivyo ilivyo.

Pima hivi:

(a) Egemea ukuta ukiwa juu ya baiskeli, au mwenzako akushikie.
(b) Zungusha pedali moja mpaka ifike chini kabisa.
(c) Weka kisigino juu ya pedali hiyo. Mguu wako unyooke, nawe usiinamie upande mmoja.
(d) Sasa weka sehemu ya mbele ya unyayo juu ya pedali, kama unavyoendesha. Goti litakunja kidogo. Kimo kimefaa.

Ipo na njia ya hesabu. Simama bila viatu, mgongo ukutani. Weka daftari gumu kati ya miguu, ulisukume juu mpaka likome. Pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari. Zidisha kwa 0.88. Kwa mfano:

80 x 0.88 = 70.4

Basi siti iwe sentimeta 70 na kidogo. Pima kutoka katikati ya ekseli inayozungusha pedali, ufuate fremu kwenda juu mpaka mgongo wa siti. Hesabu hii ni ya kuanzia. Mwili wako ndio utakaosema neno la mwisho.

Sikiliza goti. Likiuma upande wa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma upande wa nyuma, au kiuno kikiyumba kulia na kushoto, siti iko juu mno. Pandisha au teremsha nusu sentimeta, kisha ujaribu siku mbili tatu.

Siti yenyewe ilale sawa. Fundi mwashi akikuazima pima maji, itakusaidia.

Nyumba nyingi zina baiskeli moja, na watumiaji ni baba, mama na mtoto wa sekondari. Kila mmoja apimwe. Kisha wekeni vistari vya rangi kwenye bomba, kila mtu na rangi yake. Rangi ya kucha inatosha. Msikwaruze kwa msumari, maana mkwaruzo unaweza kuanzisha ufa. Na vistari vyenu vyote viwe juu ya ile alama ya kiwandani. Hapo mama hatalazimika kwenda zahanati kwa siti ya baba.

Kwenye mteremko mkali, teremsha siti sentimeta 3 hadi 5. Utaweza kurudisha mwili nyuma, na hutarushwa mbele ya usukani. Jambo hili ni la tangu mwanzo wa baiskeli hizi. Zilianzia jimbo la California, Marekani, miaka ya 1970. Vijana wa Marin walikuwa wakishindana kuteremka mlima kwa kasi, na mashindano yao maarufu, yaliyoitwa Repack, yalianza mwaka 1976. Ndiyo maana baiskeli nyingi za milimani zina mkono mdogo wa kukazia siti: unaufungua, unateremsha, unafunga, bila spana.

4. MATUNZO

Mkono huo ukiufunga, uwe mgumu kiasi cha kuacha alama kwenye kiganja. Ukifungwa kwa kidole kimoja, haujakaza. Kama ni nati, kaza kwa spana bila kupita kiasi. Kisha shika siti kwa mikono miwili, ujaribu kuizungusha. Isizunguke.

Kila baada ya miezi mitatu, vuta bomba nje, lifute, ulipake grisi kidogo. Bomba la aluminiamu likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi, huganda. Hapo hata fundi atatoka jasho.

Unapolipaka grisi, tazama mdomo wa fremu na maungio yake. Ukiona mstari mwembamba, ujue huenda ni ufa. Usiipande tena. Mpelekee fundi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ujue ufa wa fremu ya aluminiamu hauchomelewi kama wa chuma. Jaribu kwa sumaku: ikinata, ni chuma, isiponata, usikubali kuchomelewa hovyo.

Mwisho, karia. Zipo karia zinazobanwa kwenye bomba la siti peke yake. Hizo ni za mzigo mdogo, kama kilo 10 hivi. Usiweke gunia, wala usimpakie mtoto. Karia ya mzigo iwe na miguu inayofika chini kwenye ekseli ya tairi la nyuma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Alama ya MIN INSERT inatuambia nini?
2. Mama ana kipimo cha sentimeta 75 kutoka sakafuni hadi ukingo wa daftari. Siti yake iwe na kimo gani?
3. Goti linauma upande wa mbele. Utafanya nini?
4. Leteni baiskeli moja kwenye kikundi. Toeni bomba la siti. Someni namba yake, kisha mwangalie kama alama ilikuwa ndani au nje.

Kama ilikuwa nje, irudisheni ndani leo, kabla mwenye baiskeli hajaondoka.