Mtoto Akipata Homa Isinya: Mpime Kwanza

Mtoto amelala mzima, ameamka mwili moto. Je, ni malaria? Huenda, lakini huwezi kujua kwa kumgusa paji la uso. Hapa Isinya, kaunti ya Kajiado, malaria ni ya msimu, hasa baada ya mvua. Haijaenea kama ya Busia au Kwale. Homa inaweza pia kuwa ya nimonia, mafua au maradhi ya masikio.

Malaria huletwa na nini? Vimelea, yaani vijidudu vinavyoishi kwenye damu, husambazwa na mbu wa kike aina ya anofelesi anayeuma usiku. Maembe mabichi, baridi au kunyeshewa havileti malaria.

Mlisafiri? Mwambie daktari. Mtoto aliyepelekwa Kisumu au Homa Bay kumwona nyanya yake anaweza kuugua wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mkiwa mmesharudi Isinya.

Uende wapi? Siku hiyohiyo ya homa, nenda zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Mtoto atatobolewa kidole, na majibu ya kipimo cha haraka hutoka kwa takriban dakika 20. Kipimo na dawa ya malaria hapo havilipiwi. Jisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, kwa kupiga *147#. Ukienda kliniki ya kibinafsi, uliza bei kwanza.

Akipatikana na malaria? Atapewa dawa ya AL (artemether-lumefantrine) kulingana na uzito: dozi 6 kwa siku 3. Ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8. Zinazobaki ni asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au chakula. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Mmalizie zote hata akianza kucheza, wala usimwekee mdogo wake masalio.

Lini ni dharura? Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida au akilegea asiamke vizuri, mkimbize hospitali ya Kitengela au ya rufaa ya Kajiado, hata usiku. Mwenye degedege mlaze ubavu. Usimtie chochote mdomoni.

Utamkingaje? Alale ndani ya neti yenye dawa kila usiku, na mnaposafiri ibebeni.