Sufuria Moja ya Chambo: Namna ya Kuandaa Shindano la Kapu

Klabu ya wavuvi wa burudani Nairobi hukusanya watu wa mifuko tofauti. Mmoja anatoka Lavington na fimbo tatu nyepesi alizoletewa na ndugu aliye Uingereza. Mwenzake anatoka Kawangware na fimbo moja ya mtumba aliyoiokota soko la Toi, gurudumu lake la mshipi likilia kila linapozungushwa. Wapeleke wote ziwani uwaambie kila mtu avue awezavyo, na jioni utakuwa umepima mifuko yao tu. Safari ijayo yule wa Kawangware atakuwa na udhuru. Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa chini unaelekea jambo moja: shindano ambalo mkono, jicho na subira ndivyo vinavyoamua. Kapu ndiye samaki anayefaa kwa hilo kuliko wote, kwa sababu chambo anachokipenda kinapikwa katika kila nyumba ya jiji hili.

Anza na maji. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kuwa akiba ya maji ya jiji, liko karibu sana na watu wa Lang'ata na Kilimani, lakini majitaka na magugu maji yameliharibu. Usimpeleke mtu huko kuvua. Upande wa Kikuyu na Limuru yako mabwawa ya mashamba, na ukizungumza na mwenyewe vizuri anaweza kukukubalia kwa ada. Muulize kwanza amefuga samaki gani. Mabwawa mengi yaliyochimbwa kwa mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009 yaliwekwa tilapia na kambare, na utakuwa umebeba mahindi ya kapu kwenda kuwalisha wengine.

Mimi ningekwenda Naivasha, takriban kilomita 90 kutoka katikati ya jiji. Kapu si mwenyeji wa ziwa lile. Inaaminika alitoroka shambani na kuingia kupitia Mto Malewa baada ya mvua kubwa, akaanza kuonekana ziwani karibu na mwaka 2001, na kufikia 2010 ndiye aliyekuwa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa pale. Wavuvi wa Karagita na Kamere wanalisha familia kwa samaki huyo huyo unayemwendea kwa burudani. Nenda kwao wiki moja mapema, ujitambulishe kwa kamati ya ufuo, uulize mahali ambapo wageni hawatawaingilia. Uliza pia kuhusu leseni ya uvuvi wa burudani katika ofisi ya uvuvi, maana Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inahusu mshipi wako pia, si nyavu zao tu.

Katika ziara hiyo ya kwanza tazama ardhi kwa makini. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na kumeza ua, miti na hata nyumba, kwa hiyo mahali panapoonekana maji matupu panaweza kuwa na seng'enge chini yake. Tafuta ufuo ulio wazi wenye nyasi fupi, mbali na mafunjo. Mafunjo ndiyo maficho ya viboko, na viboko wa Naivasha wameua watu, wavuvi na watalii. Hakuna samaki anayestahili mtu kusimama kati ya kiboko na maji. Mlipe mwenyeji mmoja anayewajua wanyama hao awe mlinzi wenu siku nzima, na neno lake liwe amri: akisema ondokeni, hata mwenye samaki kwenye ndoano anakata mshipi.

Saa ni rahisi kuchagua. Asubuhi ziwa hutulia, na mchana upepo huamka na kufanya mawimbi yanayovuruga mishipi. Vueni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Mtapima samaki, mtakula na kuondoka kabla viboko hawajaanza kutoka majini kwenda malishoni jioni. Maana yake ni kwamba gari liondoke Nairobi saa kumi alfajiri. Kodini matatu moja ya watu 14, iwachukue wa mjini karibu na Nyamakima, kisha ipite Waiyaki Way ikiwaokota wengine Westlands, Kangemi na Uthiru. Nasisitiza gari moja. Mwenye gari lake akitangulia, atafika na kuchagua mahali, na ubishi utaanza kabla ya chai.

Sasa chambo, na hapa ndipo nguvu zenu zielekee. Siku mbili kabla ya safari, nunueni mahindi makavu soko la Kangemi au Kawangware, yale ya githeri. Yalowekwe usiku kucha, kisha yachemshwe hadi punje ibonyee kwa kucha bila kupasuka. Punje isiyoiva huvimba ndani ya samaki na kumdhuru, kwa hiyo msiharakishe moto. Yaacheni ndani ya maji yake yenye wanga, yafunikwe, kwa siku moja hivi hadi yaanze kunukia uchachu. Harufu hiyo husafiri majini mbali kuliko harufu ya mahindi mabichi.

Kisha ugali wa chambo. Songa ugali mgumu kuliko wa mezani, kwa unga uliosagwa kwenye posho mill badala ya ule mweupe wa pakiti, kwa kuwa pumba zake huachia chembe majini. Ukipoa kidogo ongeza konzi ya unga wa ngano na njugu karanga zilizosagwa, pamoja na sukari kidogo, ukande kwa mkono hadi uache kunata kwenye vidole. Ujaribu nyumbani: bandika kidonge kwenye ndoano, kitumbukize kwenye ndoo, kisha usubiri. Kikimeguka kabla ya dakika kumi, ongeza ngano. Nchini Afrika Kusini wavuvi wa kapu wametumia uji mgumu wa mahindi kwa vizazi, na bado unatumika pamoja na vyambo vya kisasa vya dukani.

Haya yote yapikwe katika sufuria moja ya klabu, nyumbani kwa mwanachama mmoja, na wengine waje kusaidia. Asubuhi ya shindano kila mtu anapewa kikombe kilekile cha mahindi na donge lilelile la ugali. Marufuku chambo kingine chochote. Kuna watakaonung'unika, hasa wenye vidonge vya rangi vilivyonunuliwa ng'ambo, na hapo kiongozi wa klabu asimame imara. Sheria hii ikilegea, sheria nyingine zote ni mapambo. Fanyeni vivyo hivyo kwa vifaa vidogo: klabu inampa kila mtu ndoano tatu za namba 6 au 8 na chubwi mbili. Fimbo ni moja tu kwa kila mtu, yoyote aliyo nayo, yenye mshipi wa kuhimili kilo tano au sita. Asiye na fimbo aazimwe.

Washiriki wagawanywe jozi kwa kura, mzoefu na mgeni. Wakiwa 12, mtapata jozi sita. Jozi huketi hatua 15 kutoka jozi nyingine, kila jozi katika namba iliyookotwa kofiani. Saa nne asubuhi wote wasimame, wa namba moja waende ya sita, wa pili waende ya tano, na kadhalika. Wavuvi wengi wa mashindano hawapendi kuhama katikati ya mchezo kwa sababu anayehama anaacha mahali alipokwisha kulisha. Mimi naona ndiyo haki yenyewe: kama mahali fulani ni pazuri, jozi mbili zitapafaidi, na anayelisha vizuri anamwachia mwenzake kitu.

Mzoefu amfundishe mgeni mambo haya wakiwa wamekaa. La kwanza ni ukimya. Kibofu cha hewa cha kapu kimeunganishwa na sikio lake la ndani kwa mnyororo wa vimifupa vidogo sana, kwa hiyo anasikia mtikisiko ambao samaki wengi hawausikii. Muziki ubaki kwenye matatu na matatu ibaki barabarani. Viatu vizito vivuliwe kama nyasi zinaruhusu. Vigingi vya kuegemezea fimbo vipigwe mara moja mapema, si kila baada ya nusu saa.

La pili ni kulisha. Kapu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu; anachomeza hupita moja kwa moja kwenye utumbo, na hivyo hula kidogo kidogo mchana kutwa, akifyonza matope na kuyatema, akibakiza punje, konokono na wadudu, ambao huwasaga kwa meno yaliyo kooni. Anayemwaga kikombe chote cha mahindi kwa mara moja amewapa samaki karamu waliyoweza kuila bila kugusa ndoano yake. Tupa punje nane au kumi kila dakika kumi, mahali palepale. Ili upate mahali palepale, chagua mti ng'ambo au kitu kisichosogea uwe unaulenga, na mshipi ukiwa umefika kwa urefu unaoutaka, utie alama ya rangi ya kucha karibu na gurudumu. Maji yakianza kuchafuka na vipovu vidogo kupanda mfululizo, wamefika. Hapo punguza kulisha, usiongeze.

La tatu ni ndoano. Wageni huificha yote ndani ya ugali, na inafaa kwa chelezo karibu na ukingo. Lakini kuna njia bora ya mahindi, iliyobuniwa Uingereza na Lenny Middleton na Kevin Maddocks na kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndoano huachwa wazi kabisa, na punje mbili za mahindi hutungwa kwenye uzi mwembamba unaoning'inia kutoka shingoni mwa ndoano. Kapu hufyonza chakula, akihisi kitu kigumu hukitema, na katika kutema ndoano tupu hushika mdomo wa chini. Chubwi iteleze kwenye mshipi juu ya fundo, ili samaki aweze kuvuta bila kuhisi uzito mara moja. Uzi wa cherehani unatosha. Ni ufundi wa dakika tano kujifunza, na haugharimu chochote. Kwa maji ya Naivasha una faida ya ziada: kamba wekundu wa Marekani walioletwa ziwani mwaka 1970 hudonoa ugali laini hadi uishe, lakini punje ya mahindi iliyoiva vizuri huwachosha.

Samaki akishika, usitegue fimbo kwa nguvu kama unavyofanya kwa tilapia. Inua tu, fimbo ipinde, na umwache akimbie huku breki ya gurudumu ikimchosha. Mwenzako wa jozi ndiye anayeshika wavu wa kupokelea, akiuzamisha majini na kungoja samaki aletwe juu yake, asimfukuze. Wavu kama huo mnaweza kuutengeneza kwa chandarua, waya mnene na mpini wa mopu, vyote vinapatikana River Road kwa bei ndogo.

Kwenye kupima, msihesabu kilo zote. Ihesabiwe jumla ya samaki watatu wakubwa wa kila jozi. Kwa njia hiyo bahati ya kundi la vitoto haimshindi mtu aliyengoja samaki wa kweli, na hakuna anayerundika samaki kwa tamaa ya uzito. Mizani iwe ya kuning'iniza, na ithibitishwe mbele ya wote kwa mtungi wa maji wa lita tano, ambao maji yake yana uzito wa kilo tano ukiondoa plastiki. Mfuko wa kupimia ulowekwe na kutolewa uzito wake kwanza. Jozi mbili zikitoshana, inashinda iliyompata samaki wake wa tatu mapema, kwa hiyo kila anapotoka samaki karani aandike saa. Zawadi iwe ndogo: washindi wasilipie nauli, basi. Fedha nyingi huleta macho makali kwenye mizani na huondoa kicheko.

Samaki waliobaki gawaneni kwa usawa, kila mtu arudi nyumbani na mmoja. Wenye kapu wadogo wawarudishe hapohapo ziwani wakiwa hai. Asiwepo hata mmoja anayebeba kapu hai kwenye ndoo kwenda kumfuga katika bwawa lake Kikuyu au Karen. Ziwa la Naivasha lilibadilika kwa sababu ya samaki wachache waliotoroka mahali pamoja, na mto unaopita nyuma ya shamba lako unaelekea kwa mtu mwingine.

Kabla ya kuondoka toeni matumbo na mashavu mekundu yanayoshika harufu ya matope, msitupe taka ufuoni, mpange samaki kwenye barafu. Nyumbani mpake chumvi na ndimu kwa saa moja, umwoshe. Mnofu wa kapu una vimifupa vyenye matawi ambavyo huwakatisha watu tamaa, lakini dawa yake ni kisu kikali: mkate kila upande mikato ya kina iliyokaribiana, upana wa punje ya hindi kati ya mkato na mkato, hadi karibu na uti wa mgongo. Mkaange katika mafuta mengi yaliyochemka sawasawa. Mafuta yakiingia kwenye mikato hiyo, vimifupa hukauka na kulika pamoja na nyama.