Mionzi ya Kosmiki: Itokako na Nguvu Yake

Kila dakika, kama chembe moja ya muoni hupenya kila sentimita ya mraba ya ardhi tuliyosimama juu yake. Muoni huzaliwa pale mionzi ya kosmiki inapoigonga hewa huko juu. Mionzi yenyewe ni viini vya atomu, protoni zikiwa takriban asilimia 90, vinavyosafiri kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Victor Hess aliigundua mwaka 1912 alipopaa kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000. Huku chini hewa hutukinga. Wanaanga na wahudumu wa ndege hupata dozi kubwa zaidi. Abiria wa safari mojamoja hana haja ya kuhofu.

Ukitaka kujua chanzo chake, usiutegemee upande inakotokea. Protoni ina chaji, hivyo sumaku iliyotanda katika galaksi yetu huipinda tena na tena kwa mamilioni ya miaka. Ifikapo kwetu, mionzi huja pande zote karibu sawa. Kituo cha IceCube, kilichofukiwa katika barafu ya Ncha ya Kusini, kimepima tofauti ya takriban moja kwa elfu tu kati ya upande na upande. Usiidharau tofauti hiyo: ndiyo inayotuonyesha jinsi mionzi inavyotiririka katika ujirani wetu.

Nguvu ya mionzi hii, kwa sehemu kubwa, hutokana na nyota kubwa zinazolipuka. Mlipuko husukuma wimbi la mshtuko, na chembe huvuka wimbi hilo huku na huko ikiongeza nishati kila mara, kama mpira unaodunda kati ya kuta mbili zinazokaribiana. Ushahidi uliletwa na miale ya gama, ambayo haina chaji na hivyo haipindwi na sumaku. Mwaka 2013 darubini ya Fermi iliona alama ya protoni katika mabaki ya milipuko miwili, IC 443 na W44.

Lakini je, mabaki hayo yanaweza kufikisha protoni kwenye elektronivolti trilioni 1,000? Hapa wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zilielekeza kidole kwenye kitovu cha galaksi yetu kama chanzo cha protoni za nishati hiyo. Na kwa nishati kubwa zaidi, kituo cha Pierre Auger cha Argentina kilitangaza mwaka 2017 kwamba chembe zenye nishati hiyo hutoka nje ya galaksi yetu kabisa.