Kuagiza Gari Japani: Maswali ya Wasomaji juu ya Bei, Nauli na Ushuru

Aghalabu ya magari yapitayo katika barabara za Dar es Salaam, Mwanza na Arusha yalikwisha kutumika Japani kabla hayajavuka bahari, na sababu zake ni dhahiri: Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto na usukani wao uko kulia, tena sheria yao hulitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama isiyo haba, hata wengi huona nafuu kuliuza gari ambalo huku kwetu bado lingehesabiwa changa. Biashara hii ina neema, lakini fedha za mnunuzi hupita katika mikono mingi kabla gari halijafika mlangoni pake. Katika kazi yangu ya uwakala wa forodha nimewaona watu wenye akili timamu, wahasibu na walimu wa hesabu miongoni mwao, wakilipa zaidi ya ilivyowapasa kwa kuwa walishindania tarakimu moja na kuziachilia nyingine zote zipite bila kuulizwa. Maswali yafuatayo ni katika yale niulizwayo mara kwa mara.

Shikamoo, mzee. Nimeona tangazo la gari kwa dola 2,400. Mwalimu mwenzangu aliyeagiza la namna ile ile anasema lilimtoka karibu mara tatu ya hizo. Je, alidanganywa? (Mwalimu, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Yamkini hakudanganywa hata kidogo, ila yeye na tangazo walikuwa wakitaja vitu viwili mbalimbali. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa aghalabu ni ile iitwayo FOB, yaani thamani ya gari likiwa bandarini Japani, tayari kupakiwa. Juu yake huja nauli ya meli na bima, na vitatu hivi vikijumlishwa ndipo hupatikana ile iitwayo CIF, ambayo ndiyo msingi wa hesabu ya forodha. Baada ya hapo hufuata ushuru na kodi, gharama za bandari na za wakala wa meli, ijara ya wakala wa forodha, usajili, na bima ya barabarani. Hakuna hata moja katika hizo iliyo siri, lakini hakuna muuzaji alazimikaye kukuhesabia zilizo nje ya ankara yake.

Kwa hiyo, kabla hujaandika neno la kupunguziwa bei, mtake muuzaji akuletee ankara kifani iliyotenga kila kitu mahali pake: gari peke yake, nauli peke yake, bima peke yake, na ada ya ukaguzi kama ipo. Nakazia jambo la nauli kwa sababu hapo ndipo wauzaji wengine hujirudishia kwa mkono wa kushoto walichokisamehe kwa mkono wa kulia. Nauli hukadiriwa kwa mita za ujazo, yaani urefu wa gari mara upana mara kimo. Vitz huwa kama mita za ujazo 10, na Harrier hupita 14. Ukiwa na kipimo hicho unaweza kuwauliza wauzaji wawili au watatu nauli ya gari lile lile kwenda bandari ile ile, na ukiona mmoja amezidi mno wenzake, basi umekwisha kujua unafuu wa bei yake ulikotoka.

Mzee, nina fedha kidogo. Je, ni bora ninunue gari la miaka 12 kwa bei ya chini, au nijikaze ninunue la miaka 7? (Muuguzi, Dodoma)

Hili, binti yangu, ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu lake liko katika namna kodi zetu zinavyopandiana. Kwanza hutozwa ushuru wa forodha, asilimia 25 ya CIF. Kisha huja ushuru wa bidhaa, ambao hautozwi juu ya CIF peke yake, bali juu ya CIF pamoja na ule ushuru wa kwanza. Nao hufuata ukubwa wa injini: injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi kitu, ile iliyozidi hapo hadi cc 2,000 hutozwa asilimia 5, na iliyopita 2,000 hutozwa asilimia 10. Fauka ya hayo kuna ushuru wa bidhaa wa uchakavu: gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30. Mwisho huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, juu ya jumla ya hayo yote. Hivyo kila kodi huizalia ile iifuatayo, na nyongeza ya uchakavu hutozwa kodi nyingine juu yake.

Tutie tarakimu. Tuseme gari la miaka 12, injini ya cc 1,500, limefika kwa CIF ya dola 4,000. Ushuru wa forodha ni 1,000, jumla 5,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 na 30, yaani 1,750, jumla 6,750. Asilimia 18 ya hizo ni 1,215. Basi gari la dola 4,000 limekuwa la dola 7,965. Sasa chukua gari la namna hiyo hiyo lenye umri wa miaka 7, ambalo CIF yake ni dola 5,500. Ushuru wa forodha ni 1,375. Ushuru wa bidhaa, asilimia 5 tu, ni kama 344. Na ile asilimia 18 ni kama 1,299. Jumla yake ni dola 8,518. Katika ankara tafauti ya magari haya ilikuwa dola 1,500. Langoni mwa bandari imebaki kama dola 550, nawe umepata gari lililo changa kwa miaka 5. Sikuzitia tozo ndogo ndogo kama ile ya maendeleo ya reli, na viwango vyote huweza kubadilika kila bajeti isomwapo mwezi wa Juni, kwa hiyo hesabu yako uifanye upya wakati wa kuagiza.

Lakini kuna sharti kubwa usiloweza kulipuuza. Mamlaka ya Mapato haifungwi na ankara yako. Ina kumbukumbu yake ya thamani za magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kiko wazi kwa kila mtu: ukiingiza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, hukutolea thamani pamoja na kodi zake. Usitume hata senti kabla hujakiuliza. Atakayekushauri uandikiwe ankara ya uongo yenye bei ya chini anakutia katika kosa la jinai ambalo hata faida yake haipo, maana thamani itakayotumika ni ile ya Mamlaka. Kutokana na hayo utaona pia kwamba kumbembeleza muuzaji akupunguzie dola 200 hukuokolea dola 200 tu, hali kubadili mwaka wa gari au ukubwa wa injini kwaweza kukuokolea zaidi ya 1,000. Vitz yenye injini ya cc 996, mathalan, haimo kabisa katika ushuru wa bidhaa wa injini. Nduguye mwenye cc 1,300 yumo.

Uliza mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, vyote viwili, kwani hati za Kijapani huonyesha ule wa usajili, na gari lililotengenezwa mwishoni mwa mwaka laweza kuwa limesajiliwa mwaka uliofuata. Kwa gari lililo mpakani mwa miaka 8 au 10, miezi hiyo michache ina fedha nyingi ndani yake. Nduguzo wa Kenya wana sheria kali zaidi: gari lililopita miaka 8 tangu usajili wake wa kwanza haliruhusiwi kuingia nchini mwao.

Je, hawa wauzaji wa Japani hupatana bei kweli, au bei ni ile iliyoandikwa? (Kijana, Mwanza)

Hupatana, kijana wangu, maadamu hujalipa. Muuzaji wa huko aghalabu hununua gari katika minada ya wanachama, ambayo mkubwa wake ni ule wa kampuni ya USS, kisha huongeza faida yake. Gari likisafirishwa nje, Serikali ya Japani humrudishia ile kodi ya matumizi ya asilimia 10 aliyoilipa alipolinunua, na hurudishiwa pia amana iliyowekwa kwa ajili ya kuliharibu gari kwa utaratibu likifika mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo anayo nafasi ya kuteremka, na mnunuzi anayelijua hilo huomba kwa adabu bila kuona haya. Gari lililokaa muda mrefu katika uwanja wake humlia kodi ya mahali, na bei yake aghalabu huteremka zaidi.

Njia ya pili, ambayo naipenda kuliko ya kwanza kwa mtu mwenye subira, ni kumwagiza muuzaji akununulie mnadani. Wewe hutaja kiwango cha juu, naye hutoza ijara iliyotajwa mapema, bila kujali gari limeangukia bei gani. Sharti akupe karatasi ya mnada, ambayo mkaguzi ameandika hali ya gari, na bei ya nyundo, yaani ile ambayo gari limeangukia mnadani. Asiyekubali kukuonyesha bei ya nyundo hafanyi kazi ya uwakala. Anauza gari lake kwa jina jingine.

Nitajuaje hali ya gari nisiloliona? Picha zote hung'aa. (Mama mfanyabiashara, Moshi)

Picha ziache, dada yangu, uombe karatasi ya mnada. Mkaguzi wa mnada hana gari la kuuza, ndiyo maana neno lake lina thamani. Gari hupewa daraja: 5 au 4.5 ni zuri sana, 4 ni zuri, 3.5 lina makovu ya matumizi, na herufi R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Katika mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi upya, na tarakimu iliyo kando ya herufi huongezeka kwa kadiri ya ukubwa wa athari. Mimi mikwaruzo hainitii hofu. Hofu yangu iko kwa herufi S na C, ambazo ni kutu na kuliwa kwa chuma, hasa chini ya gari. Mikoa ya theluji kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa chumvi hufanya nini kwa chuma.

Juu ya kilomita, linganisha zile za karatasi ya mnada na zile zilizoandikwa katika cheti cha kufuta usajili, ambacho hubeba kipimo cha ukaguzi wa mwisho wa serikali. Zile za mnada zikiwa pungufu kuliko za cheti, kipimo cha kilomita cha gari hilo kimerudishwa nyuma.

Nimeletewa barua pepe kwamba akaunti ya kampuni imebadilika, na benki mpya iko nchi nyingine. Nilipe? (Fundi, Morogoro)

Usilipe. Ipigie simu kampuni kwa namba uliyokuwa nayo zamani, wala si ile iliyo katika barua hiyo. Fedha ziende Japani, kwa akaunti yenye jina la kampuni lile lile lililo katika ankara.

Gari langu limo melini. Nifanye nini ili gharama za bandari zisinilemee? (Mkulima, Mbeya)

Bwana mkubwa, kazi yako ianze leo, wala si siku meli itakapotia nanga. Mara umalizapo malipo, dai hati ya shehena, ankara na cheti cha kufuta usajili, na uhakikishe kwamba jina lako na namba ya chesisi zinafanana katika zote. Ghalati ya herufi moja katika hati ya shehena humaliza siku nyingi kuisahihisha, na siku hizo zikipita muda wa bure, kila moja ina kodi yake ya kuhifadhi gari. Safari ya meli hukupa majuma kadhaa. Wakala mwema huyatumia kuwasilisha nyaraka forodhani mapema.

Na wakala umtake akuandikie mafungu mawili: ijara yake yeye, na fedha za watu wengine atakazozilipa kwa niaba yako. Fungu la pili asilitaje kwa jumla moja ya mviringo. Kodi ulipe mwenyewe benki au kwa simu, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na Mamlaka, na kila stakabadhi nyingine uipokee kwa jina lako. Nasema hivi kwa kuwa naijua kazi yangu: wakala mwaminifu haudhiki kwa kuombwa stakabadhi.

Baada ya udhia wote huu, si afadhali ninunue yadini hapa hapa Dar es Salaam? (Mstaafu, Kibaha)

Mara nyingine ni afadhali, mzee mwenzangu, nami sioni aibu kusema hivyo ingawa riziki yangu iko bandarini. Yadini gari unaliona, injini unaisikia, fundi wako analala chini yake na tochi, na unaondoka nalo siku ile ile. Tajiri wa yadi ametia fedha zake kwa miezi kadhaa na amebeba hatari ya baharini, kwa hiyo faida ni haki yake. La kupima ni kiasi gani. Fanya hesabu ya kuagiza mpaka langoni, kama nilivyomwonyesha muuguzi wa Dodoma, kisha uiweke kando ya bei ya yadi. Kwa mtu asiye na haraka, na ambaye tafauti yake imepita asilimia 15, ningemshauri aagize. Ikiwa chini ya hapo, mimi ningenunua yadini, lakini kabla ya kulipa ningedai kuona hati za forodha za gari lile lile, zenye namba ya chesisi niliyoisoma kwa macho yangu, na risiti inayoonyesha kwamba kodi zake zimekwisha kulipwa zote.